Oda ya mashati 100: maneno ya ushonaji na biashara ya nguo, hatua kwa hatua

Mwaka wa pili tangu nifungue karakana yangu, hoteli moja ilinipa oda ya mashati 100 ya sare. Nikapiga hesabu: shati moja linakula mita moja na nusu, basi nahitaji 150. Nikaingia Kariakoo, nikamwonyesha muuzaji rangi, nikamwambia, "Kaka, nipe mia na hamsini." Akapima, akafunga, nikalipa. Tulipomaliza shati la 91, kitambaa kikawa kimekwisha.

Yule kaka hakuniibia hata kidogo. Alipima wari 150, nami kichwani nilikuwa na mita 150. Wari moja, au yadi kama wengine wanavyoiita, ni inchi 36, yaani sentimita 91.44. Kwa hiyo nilibeba mita 137 na ushee nikiamini nimebeba 150. Nikarudi kununua nyongeza, nikapewa kitambaa cha jina lile lile na bluu ile ile, lakini cha loti nyingine, yaani kilichotiwa rangi na kundi jingine. Mashati tisa ya mwisho yalipowekwa juani pamoja na wenzake, kila mtu aliona kuwa si ndugu. Hoteli ikayakataa, na ilikuwa na haki.

Tangu hapo nimeona oda nyingi zikiharibika, zangu na za wenzangu, na mara chache sana kosa limekuwa la sindano. Mara nyingi ni neno moja lililokuwa na maana mbili, na hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana mwongozo huu haupangi maneno kwa alfabeti. Tutaifuata oda moja, mashati 100, tangu mteja anapopiga simu hadi mzigo unapotoka mlangoni, na kila neno tutalieleza pale linapoweza kukugharimu.

Hatua ya 1: Andika oda kabla ya kushika mkasi

Mteja atakuambia anataka "shati zuri la kazini, zito kiasi, saizi za kawaida". Katika sentensi hiyo hakuna neno hata moja unaloweza kulikata kwa mkasi. Kazi yako ya kwanza ni kuigeuza sentensi hiyo kuwa karatasi ya vipimo. Hiyo ni karatasi yenye mchoro au picha ya nguo mbele na nyuma, aina ya kitambaa, vipimo vya kila saizi, idadi ya kila saizi, aina ya kola, mifuko, vifungo, mahali pa nembo na namna ya kufungasha. Viwandani huwa ni faili la kurasa nyingi. Kwako ukurasa mmoja uliotiwa saini na pande zote mbili unatosha.

Neno la hatari kuliko yote hapa ni saizi. L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine, na wengi tumeshanunua nguo zilizotoka China zikiwa zimeandikwa XL ilhali zinambana mtu wa umbo la wastani. Usiandike L peke yake. Andika L kisha vipimo vyake kwa sentimita.

Hapo kuna mtego wa pili. Kipimo cha mwili na kipimo cha nguo ni vitu viwili. Mtu mwenye kifua cha sentimita 100 akishonewa shati la sentimita 100 hataweza kuinua mkono. Shati lake litahitaji labda 110 au 112, na ile ziada ndiyo nafasi ya kupumulia. Muulize mteja vipimo alivyoleta ni vya watu au vya shati. Kisha uliza tena vimepimwaje, kwa sababu wauzaji wa jumla hulaza nguo mezani na kupima upande mmoja tu. Kwao "kifua 56" ni nusu, na mzunguko wake ni 112. Nimewahi kumwona fundi mzoefu akikatia watu wazima vipimo vya watoto kwa sababu hiyo tu.

Andika pia kipimo kinaanzia wapi. Sisi tunapima kifua cha shati sentimita 2.5 chini ya kwapa, na urefu kutoka pale bega linapokutana na kola mpaka upindo wa chini. Mwingine anaanzia katikati ya shingo kwa nyuma. Zote ni sahihi mradi mmekubaliana. Mwisho weka kiasi cha kuruhusiwa. Hakuna shati 100 zitakazolingana kama matofali, kwa hiyo mkubaliane kwamba tofauti ya sentimita 1 kifuani si kosa, na nusu sentimita kwenye kola ndiyo mwisho.

Baada ya hapo panga mgao wa saizi. Kwa oda yetu tuseme S ni 15, M ni 35, L ni 35 na XL ni 15. Utauona umuhimu wa namba hizi tukifika kwenye kukata.

Hatua ya 2: Kijue kitambaa kwa macho, kwa moto na kwa mzani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kitambaa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya fedha ya oda, na ndipo maneno yanapoteleza zaidi.

Anza na jinsi kilivyotengenezwa. Kitambaa cha shati, kanga, kitenge na kaki hufumwa kwa nyuzi za aina mbili zinazopishana: mtande ni zile za urefu, zinazotandikwa kwanza kwenye mtambo, na mshindio ni zile zinazopita kwa upana. Kitambaa cha fulana ni kingine. Hicho ni vitanzi vilivyoshikana kama sweta, ndiyo maana kinavutika. Tofauti hii ndiyo inayoamua sindano, mashine na hata namna ya kukata. Mtu akikuambia "kitambaa cha kuvuta" muulize kinavutika upande mmoja au pande zote.

Halafu kuna majina. Popilini ni kitambaa chepesi cha pamba au mchanganyiko, chenye uso laini, kizuri kwa mashati. Kaki ni cha suruali na kaptura za shule. Dangrizi ni ya jinsi. Satini inang'aa upande mmoja, shifoni ni nyepesi ya kuonyesha ng'ambo, na mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja, hivyo ukigeuza kipande kimoja tu nguo itaonekana ya rangi mbili. Kitani ni kitani, kinakunjamana na wenye kukipenda wanakipenda hivyo hivyo. Na merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa, ina historia ndani ya jina lake. Wafanyabiashara wa Marekani waliileta Zanzibar katika karne ya 19, na mkataba wa biashara kati ya nchi yao na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Merikani ni rahisi kwa bei na haina utelezi, ndiyo maana mimi huitumia kushonea nguo ya majaribio.

Jina, hata hivyo, halikuambii kitambaa kina nini ndani. Mteja anaposema "pamba" huenda anamaanisha pamba tupu, na muuzaji anaposema "pamba" huenda anamaanisha chochote kisichong'aa. Ukiona herufi TC ujue ni mchanganyiko wa poliesta na pamba. Mgao unaokutana nao sana ni 65 kwa 35, na ile 65 ni poliesta. Si kitambaa kibaya. Kinakauka haraka, hakikunjamani sana, na kwa sare za kazi kinadumu. Lakini kina joto kuliko pamba, na mteja wa Dar es Salaam mwezi wa Januari atakukumbusha.

Ukitaka kujua ukweli, omba uzi kidogo ukauchome nje kwa uangalifu, ukiwa umeushika kwa koleo. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia kama karatasi, na inaacha jivu laini unaloweza kulisaga kwa vidole. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu. Mchanganyiko unakupa vyote viwili: unawaka, kisha jivu lina punje ngumu ndani.

Sasa uzito. Katika vitambaa vya jumla utaona herufi GSM na namba mbele yake. Hiyo ni gramu ngapi kwa mita moja ya mraba. Huna haja ya maabara. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kiweke kwenye mzani mdogo wa dijitali unaosoma desimali, zidisha kwa 100. Kikisoma gramu 1.2, kitambaa ni 120. Popilini ya shati huwa kati ya 100 na 130, fulana ya kawaida 150 hadi 180, tisheti yenye kola 180 hadi 220, kaki ya suruali 220 kwenda juu. Mteja anayetaka "zito kiasi" mshikishe vipande vitatu vyenye namba tofauti, achague kimoja, andika namba.

Upana unasahaulika sana. Kariakoo utasikia "hiki ni cha arobaini na tano" au "hiki cha sitini". Hizo ni inchi: takriban sentimita 114 na 152. Ile hesabu yangu ya mita moja na nusu kwa shati ilikuwa ya kitambaa cha 60. Ukinunua cha 45 kwa hesabu hiyo, utaishiwa njiani kwa sababu nyingine kabisa.

Jora ni kitambaa kizima kilichoviringishwa kama kilivyotoka kiwandani. Usidhani majora yote yana urefu mmoja. Soma lebo, kisha pima mwenyewe. Loti ni kundi la majora yaliyotiwa rangi kwa pamoja, na namba yake huandikwa kwenye lebo hiyo hiyo. Nunua oda nzima kutoka loti moja, pamoja na ziada ya asilimia 3 hadi 5, maana ukirudi wiki ijayo loti hiyo inaweza kuwa imeisha soko zima. Na usikubali kununua usiku chini ya taa. Kipeleke kitambaa mlangoni, kwenye mwanga wa jua.

Jaribio la mwisho kabla ya kulipia jora zima: omba kipande, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika, kifue kama mteja atakavyofua, kianike, kipige pasi, kisha pima tena. Kama 50 imekuwa 47.5, kitambaa kinarudi kwa asilimia 5, na hiyo ni zaidi ya sentimita 3 kwenye urefu wa shati la sentimita 74. Ama ukifue chote kabla ya kukata, ama uongeze kwenye patani. Katika beseni hilo hilo weka kitambaa cheupe ndani ya maji. Kikitoka na rangi, kitambaa chako kinachuja. Kupauka ni jambo jingine: hiyo ni rangi kufifia taratibu kwa jua na kufuliwa. Mteja huyachanganya maneno haya mawili anapolalamika, na wewe usiyachanganye, kwa kuwa kuchuja kunaonekana siku ya kwanza na ungeweza kukuzuia.

Hatua ya 3: Patani na sampuli

Patani ni karatasi zilizokatwa kwa umbo la kila kipande cha nguo. Kwenye kila moja pawe na jina la kipande, saizi, idadi ya kukata na mshale wa mwelekeo wa uzi. Mshale huo hulazwa sambamba na mtande, yaani sambamba na ukingo wa jora. Ukiupuuza ili kubana kitambaa, suruali itajizungusha mguuni baada ya kufuliwa mara mbili na mvaaji hataelewa kwa nini. Kukata kwa mshazari, yaani kwa pembe, hufanywa kwa makusudi tu, kama sketi inayomwagika au utepe wa kuzungushia shingo.

Lugha yetu ilikuwa na maneno ya vipande vya nguo kabla patani hazijafika. Mafundi wa kanzu wa pwani wana badani, yaani kipande cha mbele au cha nyuma. Wana taharizi, vile vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana kuelekea chini, na kikwapa, kipande kidogo cha chini ya kwapa kinachomruhusu mtu ainue mkono bila kupasua. Kaba ni ile inayoimarisha shingo kwa ndani. Mimi nimeyarudisha karakanani kwangu. Nikisema "badani la nyuma la L" hakuna anayeuliza nilimaanisha nini, wakati "kile kipande kikubwa cha nyuma" kilikuwa kinaleta ugomvi kila wiki.

Nafasi ya mshono ni kile kipande kinachobaki ndani baada ya kushona. Kwa mashati tunaacha sentimita 1, na kwenye upindo wa chini 2. Andika juu ya patani kama nafasi hiyo imeshahesabiwa au la. Patani ya kununua mtandaoni inaweza kuwa nayo au isiwe nayo, na mashati 100 yaliyokatwa bila nafasi hayana dawa.

Kutoka kwenye patani unashona sampuli. Ya kwanza ni ya umbo, kwa merikani au kitambaa chochote, kuona kama inamkaa mtu. Hapa unaweza kupiga bandi tu, mishono mirefu ya muda ya mkono, ili uifumue kirahisi. Ya pili ni ya kitambaa chenyewe, vifungo vyenyewe, nembo yenyewe. Mteja akiikubali, ifungwe lebo yenye tarehe na saini za wote wawili. Moja ibaki kwake, nyingine kwako. Hiyo ndiyo hakimu wenu. Usianze kukata kabla ya saini hiyo hata mteja akikuambia "endelea tu fundi, nakuamini". Anakuamini leo.

Hatua ya 4: Bei

Swali la kwanza: nani analeta kitambaa? Mteja akileta kila kitu na kukulipa "ufundi tu", viwandani huitwa CMT, yaani kukata, kushona na kumalizia. Ukinunua wewe kitambaa na vikorombwezo vyote, uzi, vifungo, lebo na kitambaa kigumu cha ndani ya kola, hiyo ni oda kamili na hatari yote ya kitambaa ni yako. Katika ufundi tu, mkubaliane mapema nani anamiliki mabaki na nani anabeba hasara ya vipande vitakavyoharibika.

Tuseme, kwa mfano tu, kitambaa ni shilingi 5,000 kwa mita. Shati linakula 7,500. Ongeza vikorombwezo 1,000, ufundi 4,000, pasi na kufungasha 500, kodi, umeme na usafiri 1,000. Gharama ni 14,000. Sasa unataka faida ya asilimia 30. Ukizidisha 14,000 kwa 1.3 unapata 18,200. Lakini katika hiyo 18,200, faida yako ya 4,200 ni asilimia 23 tu ya bei. Ukitaka 30 ndani ya bei, gawanya 14,000 kwa 0.7, unapata 20,000. Zote mbili huitwa "faida ya asilimia thelathini", na tofauti yake kwa mashati 100 ni shilingi 180,000. Ukiongea na mwenye duka kuhusu asilimia, muulize: juu ya gharama, au ndani ya bei?

Kabla ya kutaja tarehe, hesabu dakika. Herufi SMV zinamaanisha dakika ambazo nguo moja inapaswa kuchukua kwa fundi aliyezoea, kwa mwendo wa kawaida. Ukiwa na mafundi 6 wanaofanya kazi saa 8, una dakika 2,880 kwa siku. Timu mpya ikitoa nusu ya uwezo huo, zinabaki 1,440. Shati la dakika 24 litatoka 60 kwa siku. Siku ya kwanza hutafika hapo, usijidanganye. Ongeza siku.

Pokea arbuni, yaani malipo ya awali, kabla ya kununua kitambaa. Kwangu ni kiasi kinacholipia kitambaa chote, kwa sababu sare yenye nembo ya hoteli huwezi kumuuzia mtu mwingine.

Hatua ya 5: Kukata

Mpango wa ukataji ni namna unavyopanga patani zote juu ya upana wa kitambaa ili nafasi tupu ziwe chache. Ukipangilia vizuri, asilimia 80 hadi 85 ya kitambaa cha mashati inaingia kwenye nguo na kinachobaki kinaanguka chini.

Ndipo ule mgao wa saizi unapolipa. M na L zina idadi sawa, 35, hivyo zinapangwa pamoja kwenye mpango mmoja na kutandazwa tabaka 35. S na XL zinakuwa mpango wa pili, tabaka 15. Jumla ni tabaka 50, kila moja ikitoa mashati mawili. Vipande vya saizi mbili vinapobanana, mikono ikiingia kwenye mapengo ya mabadani, tunaokoa labda sentimita 10 kwa kila tabaka. Kwa tabaka 50 hizo ni mita 5, zaidi ya mashati matatu.

Unapotandaza usivute kitambaa. Kilichovutwa mezani kitarudi baada ya kukatwa, na saizi itakuwa imekimbia. Kitambaa cha fulana kifungue kutoka kwenye jora, kilaze siku nzima kabla ya kukikata. Kama una majora mawili, weka karatasi kati yake kwenye tandazo ili vipande vya jora moja visioane na vya jingine, hata kama loti ni moja.

Baada ya kukata, tia namba kila kipande kulingana na tabaka lake, kisha funga mafungu kwa saizi. Shati la tabaka la 12 lipate mkono wa tabaka la 12. Alama ndogo za mkasi ukingoni, milimita 3 hivi, ndizo zinazomwonyesha fundi katikati ya bega na mahali pa kuanzia kola. Ukizikata ndefu zitatokea nje ya mshono.

Hatua ya 6: Kushona

Kwa shati unahitaji cherehani ya mshono ulionyooka, ovaloki ya kufungia kingo zisichanike, na njia ya kutoboa matundu ya vifungo. Kama huna mashine ya matundu, wapo mafundi wanaofanya kazi hiyo tu kwa malipo ya kila tundu. Kwa fulana, ule upindo wenye mistari miwili sambamba kwa nje unahitaji mashine yake. Ukiushona kwa cherehani ya kawaida, uzi utakatika nguo ikivutwa.

Sindano zina namba. 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa vya kati, 16 na 18 kwa kaki nzito na dangrizi. Kitambaa cha fulana kinataka sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo inasukuma vitanzi pembeni badala ya kuvitoboa. Ukiona vitundu vidogo kando ya mshono wa fulana, anza kulaumu sindano.

Urefu wa mshono andika kwa idadi ya mishono kwa inchi. Kwa mashati ni mishono 10 hadi 12. Ukikuta 7 kwenye shati, mtu alikuwa na haraka.

Gawanya kazi kwa kituo: mmoja kola, mmoja mikono, mmoja mifuko, mmoja kuunganisha. Kola apewe fundi wako bora, kwa sababu ndiyo inayoangaliwa kwanza. Dati, ile mikunjo iliyochongoka inayobana nguo kiunoni au kifuani, na marinda ya sketi viwe vimewekwa alama kwenye kila kipande kabla havijafika kituoni. Fundi asikadirie kwa jicho.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Kagua mara tatu: vipande baada ya kukatwa, nguo ikiwa nusu, na ikiwa imekamilika. Mkaguzi wa mnunuzi mkubwa hatapekua nguo zote. Atatumia AQL, yaani kiwango cha makosa kinachokubalika, pamoja na jedwali linalosema achukue nguo ngapi na akubali makosa mangapi. Kwa mzigo wa nguo 100 katika kiwango cha kawaida cha ukaguzi, anachukua 20 bila kuchagua. Katika AQL ya 2.5, akikuta kosa kubwa 1 mzigo unapita, akikuta 2 unakataliwa.

Kosa kubwa ni lile ambalo mteja angerudisha nguo: tundu, doa, mkono mmoja mrefu, kifungo kilicholegea. Kosa dogo ni uzi uliosahaulika kukatwa. Kosa la hatari, mfano sindano iliyovunjikia ndani ya nguo, halina kiasi cha kuruhusiwa. Ndiyo maana sindano ikivunjika kwangu kazi inasimama mpaka vipande vyake vyote vimepatikana na kubandikwa kwenye daftari.

Hatua ya 8: Pasi, lebo na mfuko

Lebo ya utunzaji ina alama tano: beseni ni kufua, pembetatu ni dawa ya kupaushia, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, na duara ni usafishaji wa dobi mtaalamu, kama ule wa dawa bila maji. Vitone ndani ya pasi vinaonyesha joto: kimoja ni dogo, viwili la kati, vitatu kubwa. Popilini yenye poliesta ipe viwili. Shati lifungwe likiwa limepoa kabisa, la sivyo mvuke unageuka ukungu ndani ya mfuko, hasa huku pwani.

Hatua ya 9: Mzigo unapotoka

Ukiuza sokoni badala ya kushonea oda, utakutana na maneno mengine. Mali kauli ni kumpa mwenye duka nguo kwa ahadi, akulipe akishauza. Imeinua wengi na imeua mitaji mingi, basi andika idadi na tarehe hata kama ni jirani yako. Winga ni yule kijana anayeuza mali ya fremu za wengine na kubakiza cha juu. Anaweza kukutolea mashati kuliko duka lako, ila mwambie bei yako ya chini mapema. Wenye mitumba watakuambia belo, furushi lililobanwa la nguo, na Nairobi kule Gikomba utasikia "kamera" kwa zile nguo bora zinazochaguliwa mwanzo belo likifunguliwa. Hao ndio wapinzani wako wa bei, kwa hiyo ujue wanachoongea.

Mnunuzi wa nje ya nchi ataleta herufi tatu tatu, zinazosema nani anabeba gharama na hatari za safari mpaka wapi. Nyingi zinatoka kwenye kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris, na toleo linalotumika ni la mwaka 2020. EXW maana yake anachukua mlangoni kwako. FOB Dar es Salaam au Mombasa, wewe unabeba gharama na hatari mpaka mzigo uwe melini. CIF, unalipia nauli ya meli na bima hadi bandari yake, lakini hatari inatoka kwako na kuwa yake mzigo ukishapakiwa melini. Kwa kontena, chama hicho chenyewe kinashauri FCA, ambapo jukumu lako linaisha ukimkabidhi msafirishaji mzigo, kwa kuwa kontena hukabidhiwa bandarini au kwenye ghala siku kadhaa kabla halijaona meli. Viwanda vya nguo vya Athi River nchini Kenya, vilivyokua kwa soko la Marekani baada ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoondolea ushuru bidhaa nyingi za Afrika, vina ofisi nzima ya watu wa kushughulikia herufi hizi. Wewe muulize wakala wa forodha kabla ya kutaja bei.

Siku ya makabidhiano hesabuni pamoja, saizi kwa saizi, mteja asaini hati ya kupokea. Kisha chukua bahasha moja: tia sampuli yenye saini, karatasi ya vipimo, kipande cha kitambaa chenye namba ya loti, kifungo kimoja, na jina la duka ulikonunua. Patani zikunje ziwe pamoja nayo. Iweke kabatini mbali na jua, kwa sababu mwakani hoteli itapiga simu na kusema, "Dada, tunataka hamsini nyingine kama zile."